Mama Askari Apewe Muda, Apewe na Mwalimu

Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, ambamo wapo pia vijana wetu waliohamia huko kutoka Afrika Mashariki, kila askari hupimwa utimamu wa mwili kwa ratiba. Tangu Juni 2025 jaribio hilo lina vituo vitano. Askari ananyanyua chuma kizito mara tatu. Anapiga pushapu, na kila akishuka anaondoa viganja ardhini kabla ya kujiinua. Anakwenda mizunguko mitano ya mita 50, mmoja akiburuta mzigo wa kilo 41, mwingine akibeba vyuma viwili vya kilo 18 kila kimoja. Kisha anajikaza juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, saa ikihesabu. Mwisho anakimbia maili mbili, yaani zaidi kidogo ya kilomita tatu. Kila kituo kina alama ya chini, 60, na kukosa hata kimoja ni kufeli jaribio zima. Aliyefeli husimamishiwa kupanda cheo na kwenda kozi, na akiendelea kufeli anaweza kuondolewa jeshini. Askari anayerudi kutoka kwenye uzazi anakutana na vituo hivyo hivyo.

Zamani swali la mama huyo apimwe lini halikuwepo, kwa sababu mama mwenyewe hakuwepo. Amri ya Rais Truman ya mwaka 1951 iliruhusu majeshi ya Marekani kumwondoa mwanamke kwa kupata mimba, na ndivyo yalivyofanya kwa zaidi ya miaka 20. Kapteni Susan Struck, muuguzi wa jeshi la anga, alipata mimba akiwa Vietnam mwaka 1970, akaambiwa achague kati ya mimba na kazi. Alikwenda mahakamani, na miongoni mwa mawakili wake alikuwa Ruth Bader Ginsburg, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Jeshi la anga lilirudi nyuma kabla shauri halijasikilizwa na mahakama hiyo. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, kufukuza kwa lazima kulikoma. Kilichobaki kubishaniwa ni muda. Jeshi la nchi kavu lilikuwa likimpa mzazi siku 180 kabla ya kumpima, hadi Aprili 2022 lilipotoa agizo la kumpa siku 365, na katika mwaka huo asipelekwe vitani bila ridhaa yake.

Nauunga mkono mwaka huo. Lakini hoja yangu leo inakwenda mbele zaidi: siku 365 zisizo na mtu wa kumrudisha mama kwenye mazoezi hatua kwa hatua ni kuahirisha kufeli kwake tu. Tazameni kinachotokea mwilini. Mimba inapokua, misuli miwili ya mbele ya tumbo hutengana, na utando unaoiunganisha hulegea. Kwa wengi misuli hurudi yenyewe, kwa wengine hubaki na mwanya miezi mingi. Mama kama huyo akijikaza juu ya viwiko, katikati ya tumbo hutokea tuta jembamba kutoka kifuani kushuka kitovuni. Hiyo ni dalili kwamba tumbo halijaweza kubeba shinikizo lile, na kulazimisha hakuliponyi. Chini zaidi ipo misuli inayoshikilia kibofu na kizazi, iliyovutwa sana wakati wa kujifungua. Ikiwa dhaifu, mama anavujisha mkojo anapokimbia, na aibu ya hilo imewafanya wengi wanyamaze hata mbele ya daktari. Aliyejifungua kwa upasuaji ana mshono uliopita tabaka baada ya tabaka, na kufunga kwa ngozi ya juu hakuoneshi kwamba tabaka za ndani zimerudisha nguvu. Ongeza usingizi wa vipande vipande, damu iliyopotea, na mwili unaotumia chakula kutengeneza maziwa. Mwongozo ulioandikwa Uingereza mwaka 2019 na wataalamu watatu wa tiba ya viungo unashauri mama asianze mbio kabla ya miezi mitatu, na hata hapo aanze baada ya kupimwa nguvu na uimara wa misuli hiyo.

Kwa hiyo kuna kazi ya kufanywa, na ina mpangilio wake: kupumua na kukaza misuli ya chini, kutembea, kunyanyua uzito mdogo, kisha mkubwa, kisha kuruka, na mbio baadaye. Jeshi la Marekani linajua hivyo, na lina programu maalumu ya mazoezi kwa wajawazito na waliojifungua. Programu ya namna hiyo inategemea kila kambi kuwa na mwalimu aliyefunzwa na kiongozi anayemruhusu mama ahudhurie. Pasipo hayo mawili, mama hukaa na msamaha wake wa kutopimwa mpaka miezi inaisha, halafu anaanza kukimbia kwa pupa wiki chache kabla ya siku yenyewe. Hapo ndipo watu huumia, na hapo ndipo wakubwa husema, mnaona, tulimpa mwaka mzima.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kubeza. Wanasema vita haisubiri mtu anyonyeshe. Ni kweli, lakini askari aliyevunjika mguu naye hupewa cheti cha daktari, hupangiwa kazi nyepesi na hutibiwa mpaka apone, na hakuna anayesema kipimo cha jeshi kimeshushwa. Mama naye hapunguziwi alama. Anasubiriwa, kisha anapimwa kwa kipimo kile kile cha wenzake. Wengine wanasema wenzake ndio wanaobeba zamu zake. Hili lina uzito, na kamanda anayelipuuza huzalisha chuki kwenye kikosi. Ila dawa yake ni kupanga watu mapema, maana mimba hutoa taarifa ya miezi kadhaa, jambo ambalo mguu uliovunjika haulifanyi. Na anayesema mama alichagua mwenyewe akumbuke kwamba askari mwenye uzoefu wa miaka minane hapatikani kwa tangazo la ajira. Akiondoka, jeshi linaanza upya na kuruti.

Hoja inayopendwa zaidi huku kwetu ni ya Faith Kipyegon, mkimbiaji wa Kenya. Alizaa, wanasema, akarudi akashinda dunia. Tuitazame vizuri basi. Kipyegon alijifungua Juni 2018. Ushindi wake wa kurejea, katika mita 1500 huko Marekani, ulikuja mwisho wa Juni 2019. Mwaka. Oktoba mwaka huo alipata medali ya fedha kwenye mashindano ya dunia huko Doha, na dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo ikaja 2021. Huyu ni mwanamke ambaye kazi yake ni kukimbia, mwenye kocha anayejua kila hatua yake. Kama mwili wa bingwa ulihitaji mwaka na mwalimu, kwa nini tumtazamie karani wa kombania, anayelala saa nne kwa usiku, arudi kwa miezi mitatu peke yake?

Desturi zetu hazikupuuza jambo hili. Mzazi hukaa arobaini, hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji na supu, na wapo wanawake wa kumhudumia. Likizo ya mapumziko baada ya kujifungua katika jeshi la Marekani ni siku 42, karibu sawa kabisa. Lakini arobaini humtoa mama kitandani tu, haimwandai kuburuta kilo 41.

Na sheria zetu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi siku 84 za uzazi, na 100 akizaa pacha. Sheria hiyo hiyo haiwahusu askari wa JWTZ, polisi, magereza na JKT. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa miezi mitatu, nayo inayaacha nje majeshi. Mama askari wa kwetu anategemea kanuni za ndani ya jeshi lake, ambazo raia hazisomi na hawezi kuzijadili. Nawaomba wabunge walio kwenye kamati za ulinzi waulize mambo mawili kwa sauti: mama askari hupewa muda gani kabla ya kurudi kwenye mbio na gwaride zito, na ni nani kambini aliyefunzwa kumrudisha? Jibu la swali la pili ndilo litakaloamua kama la kwanza lina maana.