Kila Homa Si Taifodi

(Hotuba ya mgeni rasmi katika ufunguzi wa mafunzo ya watumishi wa afya wa Shinyanga na Geita)

  

Nimeombwa nizungumzie salmonela. Nitaanza na ile mnayoiandika kila siku kwenye madaftari yenu, taifodi. Mchimbaji wa dhahabu anapanda kutoka duarani, yaani shimoni, na homa ya siku mbili, anapimwa, anapewa karatasi ya Widal chanya na vidonge vya antibiotiki ya sipro. Mwezi ujao anarudi, chanya tena. Baada ya hapo anatangaza kwa wenzake kwamba ana taifodi sugu.

Kipimo cha Widal kilianza Ufaransa mwaka 1896. Mnakijua: tone la majimaji ya damu, tone la bakteria waliouawa, unatikisa kigae, unaangalia kama wanagandana. Kinachowagandisha ni kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona. Hata malaria inaweza kukifanya kipimo kionyeshe chanya. Kwa hiyo kijana wa machimbo ya Rwamgasa anaweza kutibiwa ugonjwa alioupata mwaka juzi, huku ugonjwa wa leo ukiendelea kumla. Kukisia homa kuna gharama yake, na tumeshaoneshwa. Huko Moshi, mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwapima upya waliolazwa kwa homa hospitalini: zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 katika kila 100.

Mtu asitoke hapa akasema mgeni rasmi amesema taifodi haipo. Ipo, na inaua vijana. Madaktari wa upasuaji wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi katika miaka kama mitano. Karibu robo yao walikufa. Utumbo hautoboki siku ya kwanza. Kwa kawaida ni wiki ya tatu, kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, baada ya mgonjwa kuzunguka kwenye maduka ya dawa akinunua dozi nusunusu.

Majirani zetu wa Kasese, magharibi mwa Uganda, wilaya ya mgodi wa shaba wa Kilembe, walianza kuona matumbo ya namna hiyo mengi mno chumba cha upasuaji. Wakafanya jambo ninalowaomba ninyi mlifanye: waliacha kuhesabu mgonjwa mmojammoja, wakaanza kuuliza wanatoka vijiji gani na wanakunywa maji gani. Kati ya Desemba 2007 na Julai 2009 waliorodhesha wagonjwa 577, waliotoboka utumbo 249, waliofariki 47. Kampala nako, mwaka 2015, watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuwa na taifodi. Wachunguzi walifuata nyayo hadi kwenye maji na juisi za kuuzwa mitaani, na wengi wa waliougua walikuwa wafanyabiashara wa katikati ya jiji, watu wanaokula na kunywa hapohapo walipo kazini.

Sasa niambieni, nani anayekula na kunywa hapohapo kazini kuliko mchimbaji? Rashi ya dhahabu ikitokea, porini panageuka mji ndani ya wiki chache. Makarasha ya kusagia mawe yanafika, baa inafika, choo hakifiki. Nimeona ndoo moja ya maji ya kunywa, kikombe kimoja kimefungwa kwa kamba, na beseni la kusuuzia sahani ambalo maji yake yalikuwa na rangi ya mchuzi kabla ya saa sita. Maji ya kandoro, yale ya mifuko ya plastiki, yanauzwa pembeni, na hakuna anayeuliza yamefungwa wapi. Tangu 2009 tuna bomba la maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, nasi tunashukuru. Lakini bomba halihami, wachimbaji wanahama. Na niseme bila kuficha: kila kikao cha madini kinajadili zebaki, ni haki kabisa, ila kinyesi tunaona haya kukitaja.

Mama lishe mlioko hapa, najua ninyi ndio mnaolaumiwa kwanza. Ni kweli mtu aliyepona anaweza kuendelea kubeba bakteria kwenye nyongo bila kuumwa. Mpishi Mary Mallon wa New York alitengwa mwaka 1907 kwa sababu hiyo. Lakini cheti cha afya kilichotolewa kwa Widal hakimwambii mteja lolote kuhusu hali hiyo. Maafisa afya, badala ya kukimbizana na vyeti, hakikisheni kila kibanda kina maji yaliyotibiwa, sabuni na choo.

Kuna salmonela nyingine, zisizo za taifodi, zinazoingia kwenye damu ya watoto wadogo, hasa wenye malaria kali, utapiamlo au selimundu, na selimundu imejaa Kanda ya Ziwa. Huko Muheza, mkoani Tanga, malaria ilipopungua, maambukizi hayo yalipungua nayo. Chandarua, kumbe, kinafanya kazi mbili.

Mafunzo haya yatawafundisha kuotesha damu, yaani kuwakuza bakteria waliomo ili waonekane. Chukueni damu kabla ya dozi ya kwanza. Kwa mtu mzima isipungue mililita 8. Chupa yenye damu isiwekwe kwenye friji, baridi inaweza kuwapoteza bakteria mnaowatafuta. Hata mkifanya vizuri mtakosa baadhi ya wagonjwa, lakini mtakaowapata watakuwa wa kweli, na mtajua dawa ipi bado inafanya kazi kabla sipro haijatuishia. Chanjo mpya ya taifodi ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Malawi imeianza 2023, Kenya 2025. Nasi tukitaka kuiomba kwa ajili ya machimbo yetu, tutaulizwa takwimu, na rundo la karatasi za Widal halitatusaidia.

Waganga Wakuu, ombi langu kwenu ni dogo: kwenye daftari la wagonjwa wa homa ongezeni safu mbili, anafanya kazi shimo lipi na maji ya kunywa anayapata wapi. Mkutane kila mwezi, Geita na Shinyanga, mzilinganishe, maana mgonjwa aliye Katoro, Geita, leo, kesho yuko Mwakitolyo, Shinyanga.

Kwa heshima niliyopewa, natamka kwamba mafunzo yamefunguliwa. Wataalamu wa maabara mtaanza na chupa zilizo meza ya nyuma.