Sindano Tumeisikia, Kidonge Je?

Msikilizaji, sindano tumeisikia. Wiki nzima ilikuwa sindano. Makubaliano ya mwaka 2025 ya Wizara ya Afya ya Kenya na kampuni ya Roche kuhusu Herceptin, sindano ya saratani ya matiti, yalisomwa asubuhi, yakasomwa mchana, yakarudiwa usiku. Dozi iliyokuwa shilingi 120,000 ilishushwa hadi shilingi 40,000, na mlipaji ni SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya. Mgonjwa hatoi kitu. Tunaipongeza wizara, na pongezi hizi hazina kinyongo, maana katika nchi hii tunazijua familia zilizouza ng'ombe, zikauza shamba, na bado zikamzika mama yao.

Sindano tumeisikia. Kidonge je?

Sindano hiyo ni ya wanawake ambao uvimbe wao una protini ya HER2 kupita kiasi. Hao ni kama mmoja kati ya watano, pengine pungufu. Wengine wengi, zaidi ya nusu ya wenye saratani ya matiti, uvimbe wao hulishwa na homoni, na baada ya upasuaji na kemo na mionzi hukabidhiwa kidonge. Tamoksifeni kwa wengi. Anastrozoli au letrozoli kwa waliokwisha kukoma hedhi. Kidonge kimoja kila siku, miaka 5, kwa wengine hata 10. Kidonge hiki hakina mkataba wa kutiwa saini mbele ya kamera. Hakina mgeni wa heshima. Hakikatiwi utepe. Na serikali zetu, kama tulivyokwisha kusema kwenye kipindi hiki na tutaendelea kusema, hupenda kinachokatiwa utepe.

Basi tuzungumzie kisichokatiwa utepe. Tuzungumzie kusahau kunakowapata baadhi ya wanaokimeza.

Mama anayeuza mboga, aliyekuwa akijumlisha sukuma na nyanya na vitunguu kichwani kabla mteja hajafungua pochi, sasa anamwomba mteja arudie alichoagiza. Mwalimu yuko mbele ya darasa, jina la mtoto aliyemfundisha tangu Januari limemtoka. Mwekahazina wa chama anahesabu michango mara tatu, na mara zote tatu anapata jumla tofauti. Mwingine yuko kwa wakala wa M-Pesa, namba ya siri ni ile ile ya miaka yote, vidole vimegoma, foleni iko nyuma yake inaguna. Nyumbani wanamcheka kwamba amezeeka. Kazini wananong'ona kwamba amezembea. Na yeye mwenyewe, usiku, ana hofu asiyomwambia mtu: labda ugonjwa umepanda kichwani.

Nani amemuuliza?

Kliniki inamwuliza kama ana uvimbe mpya. Inampima uzito. Inapima presha. Inaandika dawa, inapiga muhuri, inaita jina linalofuata. Mtu ametoka Kitui au Garissa usiku wa manane, amekaa kwenye benchi tangu alfajiri, na mbele ya daktari anapata dakika chache. Katika dakika hizo, nani amemuuliza kama anakumbuka alichotumwa sokoni jana?

Kuna wanaosema hayo ni mawazo tu ya mtu aliyeponea chupuchupu. Hapana. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wanawake waliotumia dawa hizi kwa mwaka mmoja, wakiwalinganisha na wanawake wasio na ugonjwa. Waliotumia tamoksifeni walikuwa nyuma katika kukumbuka maneno na katika kupanga mambo. Waliotumia dawa nyingine ya kundi hili, eksemesteni, hawakuwa nyuma. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa Marekani, uliwafuatilia waliopewa kemo pamoja na vidonge na waliopewa vidonge peke yake. Miezi ya mwanzo, waliopewa kemo walilalamika zaidi. Ulipotimia mwaka mmoja, makundi mawili yalikuwa sawa, na yote mawili yalisema akili haikuwa imerudi pale ilipokuwa kabla ya matibabu. Maana yake hata ambaye hakuonja kemo, aliyemeza kidonge tu, naye alilalamika.

Wala si ajabu. Estrojeni, homoni ambayo dawa hizi huizuia au kuizimisha, hufanya kazi pia kwenye ubongo, hasa zile sehemu zinazohifadhi kumbukumbu na kupanga shughuli. Ukiuzuia uvimbe usile, na ubongo nao huguswa. Juu ya hapo kuna joto la ghafla linalomwamsha mama saa nane za usiku akiwa amelowa jasho, na asiyelala hakumbuki. Kuna wasiwasi. Kuna upungufu wa damu uliobaki baada ya kemo. Yote yanaingia kwenye kichwa kimoja.

Hatusemi kila anayemeza kidonge atasahau. Wengi hawaoni kitu. Na kwa wengi wanaopatwa, ni usahaulifu wa kusumbua, si wa kupoteza fahamu za nani ni nani. Haufanani na ugonjwa wa wazee wa kupoteza akili. Lakini jambo la kusumbua kwa miaka 5 au 10 si dogo. Na kwetu ni kubwa zaidi, kwa sababu wanawake wa Afrika hupata saratani ya matiti wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya. Wengi wako katikati ya kazi. Wana watoto shuleni, mikopo, vibanda sokoni. Wanakihitaji kichwa chao kila siku. Nani amewauliza?

Sasa sikiliza kinachokitia hofu kituo hiki. Mgonjwa asiyeulizwa hujitafutia jibu mwenyewe, na jibu lililo karibu ni kuacha dawa. Anaacha kimyakimya. Anaanza kwa kuruka siku moja, akiona kichwa kimepata nafuu anaruka wiki, halafu kikopo kinasahaulika kabatini. Huko California, kwenye bima nzuri na kumbukumbu za kompyuta, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia wanawake 8,769 wenye saratani inayolishwa na homoni. Waliomaliza miaka yao mitano wakinywa dawa ipasavyo walikuwa takriban nusu. Nusu! Kama ni nusu kule, hapa kwetu ambako duka la dawa la hospitali lina siku zake za kuishiwa, tutarajie nini?

Na kidonge hicho wanachokiacha si cha mapambo. Miaka 5 ya tamoksifeni hupunguza vifo vya saratani ya aina hii kwa karibu theluthi moja. Theluthi moja ya makaburi, msikilizaji. Kwa kidonge cha bei nafuu kisichokatiwa utepe. Taifa hili hupata takriban wagonjwa wapya 7,000 wa saratani ya matiti kila mwaka. Tukilipia sindano ya shilingi 40,000 kisha tukampoteza mwingine kwa sababu hakuna aliyemuuliza kuhusu kidonge chake, tumeokoa nini?

Wanaume nao wasidhani haya ni ya wake zao. Mzee anayechomwa sindano ya kuzima homoni za kiume kwa ajili ya saratani ya tezi dume naye anaweza kuchoka, akakosa usingizi, akashindwa kukaza fikira. Watafiti bado wanavutana kuhusu kiasi gani. Mzee mwenyewe havutani na mtu, ananyamaza. Naye nani amemuuliza?

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Huyu mama ana kovu, ana nywele zilizoota upya, amevaa nguo yake nzuri ya kanisani au buibui lake jipya, watu wanamwambia Mungu ni mwema, umepona. Amepona uvimbe. Matibabu bado yanaendelea, kila usiku, kwa bilauri ya maji.

Kwa hiyo tunaiomba wizara jambo ambalo halina gharama ya mkataba. Swali moja. Kwenye fomu ya kliniki ya saratani, chini ya uzito na presha, pawe na swali: kumbukumbu yako ikoje tangu uanze dawa? Liulizwe hospitali ya Kenyatta, liulizwe hospitali ya Moi kule Eldoret, liulizwe kila hospitali ya kaunti inayotoa dawa hizi. Na wale wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa mwaka 2023 kwa shamrashamra, wenye mikoba na simu, wanaingia nyumba kwa nyumba. Nao waulize swali hilo. Wanapima presha, wanashindwa vipi kuuliza?

Na daktari akishauliza, asikilize jibu. Apime damu, apime tezi ya shingo, aulize usingizi na huzuni kabla ya kulaumu kidonge. Akiona ni kidonge, zipo dawa nyingine za kundi hili ambazo mgonjwa fulani anaweza kubadilishiwa. Akitoa dawa ya huzuni, akumbuke kwamba fluoksetini na paroksetini huupunguza uwezo wa mwili kuigeuza tamoksifeni iwe dawa yenye nguvu. Hayo daktari anayajua. Kinachokosekana ni swali.

Nawe mama unayetusikiliza, ukiwa jikoni au kibandani, usikae na jambo hili peke yako. Nunua daftari dogo, litembee nawe, kila unaloahidi liandike. Funguo ziwe na msumari mmoja, siku zote msumari huo huo. Kazi ya hesabu ifanye asubuhi kichwa kikiwa kimetulia, moja kwa wakati. Simu yako ilie kila siku saa ya kidonge. Kikopo chenye vyumba vya siku saba kitakuambia kama cha jana ulimeza. Na kama ulikisahau, usimeze viwili leo kufidia. Tembea. Nusu saa ya kutembea siku nyingi za wiki husaidia usingizi, husaidia moyo, na zipo dalili kwamba husaidia kumbukumbu. Ukienda kliniki nenda na mtu, binti yako, dada yako, jirani, awe sikio la pili. Na miti shamba unayotumia mtajie daktari, yote, bila aibu.

Nanyi mnaokaa naye, acheni kucheka. Mume, acha kumwambia amezeeka. Mwanangu, acha kusema mama nilishakuambia. Rudia. Rudia tena. Mwajiri, mtu ambaye ameishinda saratani hatashindwa na faili lako. Mpe maagizo kwa maandishi, mpe siku ya kliniki bila kumnunia. Wanachama wa chama, mwekeeni mwekahazina wenu msaidizi, msimvue kazi.

Kidonge kisiachwe! Kichwa kikisumbua, nenda kliniki ukaseme, lakini kidonge kisiachwe bila neno la daktari. Na kama hakuna anayekuuliza, usingoje kuulizwa. Kabla muhuri haujapigwa, kabla jina linalofuata halijaitwa, kaa pale pale kwenye kiti na useme: daktari, ninasahau. Ni haki yako, na SHA unaichangia. Wizara nayo tunaiambia, na wiki ijayo tutaiambia tena: sindano tumeisikia, ahsante. Sasa wekeni swali kwenye fomu.

Hayo ndiyo maoni ya kituo hiki.