KICHEKO NDANI YA NYUMBA YA MUKRISTO

Somo la Biblia: Mwanzo 21:1-17

 

Leo tutazungumuza juu ya jambo ambalo wachungaji hatulihubiri mara mingi: kicheko. Na zaidi, kile kicheko tunachokitafuta mbele ya televizyo na ndani ya telefone, kwa filme za kuchekesha na filme za jamaa. Niseme wazi tangu mwanzo: mimi ninapenda filme hizo. Jioni, wakati kura iko, ninaketi na muke wangu na watoto, tunaangalia na tunacheka.

Najua ndugu mumoja akisikia hivyo atashangaa. Kati yetu kuna wanaosema televizyo ni sanduku la Shetani, itoke ndani ya nyumba. Kuna wengine wanaoacha watoto waangalie kila kitu, mradi wanyamaze. Wa kwanza wanakataza bila kuangalia. Wa pili wanaruhusu bila kuangalia. Lakini mutume Paulo aliandikia Watesalonike kwamba wapime mambo yote na washike lililo jema (1 Watesalonike 5:21). Huwezi kupima kitu usichokiangalia. Basi leo tupime.

1. MUNGU NDIYE ALIYETUPA KICHEKO

Fungua Mwanzo sura ya 21. Abrahamu ana miaka 100, Sara amezeeka, na mutoto anazaliwa. Wanamuita Isaka. Kwa Kiebrania jina hilo maana yake ni "anacheka". Wazia basi: kila siku Sara akiita mutoto wake aje kula, alikuwa anaita kicheko kiingie ndani ya hema.

Katika mustari wa 6 Sara anasema kwamba Mungu amemuletea kicheko, na kila mutu atakayesikia habari hiyo atacheka pamoja naye. Shikeni neno hilo: pamoja naye. Majirani hawamucheki Sara. Wanacheka pamoja na Sara. Somo letu lote la leo linasimama juu ya tofauti hiyo.

Mezali 17:22 inafananisha moyo wa furaha na dawa nzuri. Mutu anayerudi kutoka kazi ya usiku kule Fungurume, mama aliyeshinda shambani na jembe, wana lazima ya dawa hiyo. Kwa hiyo musione haya kucheka. Mukristo mwenye uso uliokunjwa toka asubuhi mpaka usiku hamuonyeshi mutu njia ya mbinguni.

Nitatoa mufano. Wengi munamujua Mr. Bean, anayeigizwa na Mwingereza Rowan Atkinson. Alianza kuonekana kwenye televizyo ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990. Karibu hasemi neno. Ndiyo sababu nyumbani wote wanacheka kwa mara moja: nkambo asiyejua Kifaransa, na mutoto ambaye hajaanza masomo. Katika kipindi kile cha kwanza kabisa, Mr. Bean yuko ndani ya kanisa. Mahubiri yanakuwa marefu, yeye anapigana na usingizi, mwili unaanguka, anasimama tena. Wanapoimba hajui maneno ya wimbo, anangojea tu Alleluya ifike ndipo atoe sauti kubwa. Mimi nilicheka sana, kwa sababu huyo ndugu namuona kila siku ya Yenga kutoka mimbara. Anaketi benchi ya tatu!

Lakini angalieni: pale mutu anajifanya mwenyewe mujinga ili sisi tucheke. Hakuna jirani anayelipa bei. Na mujue pia kwamba Atkinson mwenyewe amesema alikuwa na kigugumizi tangu utoto wake. Mutu aliyechekesha dunia nzima ni mutu ambaye ulimi wake ulikuwa unakataa.

2. KUNA KICHEKO KINACHOVUNJA JAMAA

Sasa tuendelee katika sura ileile. Mustari wa 8, Isaka anaachishwa ziwa na Abrahamu anafanya karamu kubwa. Mustari wa 9, Sara anamuona mutoto wa Hagari akicheka, akidhihaki. Wenye kusoma Kiebrania wanatuambia kwamba neno lile limetoka katika shina moja na jina la Isaka. Ni kicheko katika mustari wa 6, ni kicheko tena katika mustari wa 9. Lakini cha kwanza kilikusanya watu, na cha pili kikawatawanya. Ukifika mustari wa 14, Hagari na mutoto wake wanaingia jangwani na mukate na kiriba cha maji. Katika mustari wa 16 mama anaketi mbali ili asione mutoto wake akikufa. Wapenzi, kati ya karamu na jangwa hakukuwa safari ndefu. Kicheko kimoja tu.

Tulete hilo ndani ya filme zetu. Aki na Ukwa ya Nigeria, ya mwaka 2002, karibu kila nyumba inaijua. Wale watoto wawili watundu, Chinedu Ikedieze na Osita Iheme, walikuwa watu wazima tayari wakati ule. Mumoja alizaliwa 1977, mwingine 1982. Wanacheza vizuri sana, sitakataa. Watoto wetu wanawapenda kwa sababu mudogo anashinda mukubwa, na hata Daudi alishinda Goliati. Lakini maoni yangu ni haya: ndani ya filme hiyo baba ni wa kudanganywa, mama ni wa kusumbuliwa, mwalimu ni wa kuchekwa. Mutoto akiangalia peke yake, anajifunza kwamba kutotii wazazi ni akili. Akiangalia karibu na baba yake, na baba akacheka kisha akauliza, "Na wewe ungefanya hivyo?", filme ileile inakuwa somo.

Kuna filme ya Afrika ya Kusini ya mwaka 1980, The Gods Must Be Crazy, ambayo wengi tuliiona kwa Kifaransa. Jamie Uys ndiye aliyeitengeneza, na N!xau wa Namibia ndiye anayeigiza yule mutu wa jangwani. Chupa inatupwa kutoka ndege, inaanguka kwa watu waliokuwa wakiishi kwa amani. Chupa ni moja, kila mutu anaitaka, na ugomvi unaanza. Mwishowe yule baba anaibeba aende kuitupa mwisho wa dunia. Sijaona mufano bora kuliko huo kwa nyumba yenye telefone moja na watoto watano! Na sisi tunaoishi juu ya shaba na kobalti, tunajua namna kitu kimoja cha thamani kinavyoweza kugombanisha ndugu wa tumbo moja. Hapo ninacheka na ninajifunza. Lakini kuna sehemu nyingine ambapo filme inatuomba tucheke yule mutu mwenyewe, kwa sababu hajui motokari wala bunduki. Hapo kicheko changu kinasimama.

Kwa sababu sisi pia tunachekwa hivyo. Filme fupi zinazopita ndani ya telefone zinapenda sana habari ya mutu wa kijiji aliyefika katika muji. Mutu wa Lubumbashi anacheka wa Kolwezi. Wa Kolwezi anacheka wa Lubudi. Wa Lubudi anacheka mutu aliyetoka kijijini na kuku mukononi. Na yule wa kijijini, Mungu ndiye aliyemuumba kwa mufano wake.

Sasa nitasema jambo linalouma. Mwaka huu mama mumoja wa kanisa alinifikia kisha maombi. Mutoto wake anatembea vibaya tangu kuzaliwa. Watoto wa mutaa waliona ndani ya telefone muchekeshaji anayetembea akijifanya kilema, nao wakaanza kufuatisha. Wanatembea nyuma ya mutoto huyo, mustari muzima, wakifanya kama yeye. Sasa mutoto anakataa kuja kwenye ibada ya watoto. Wale wanaomufuata nyuma si wapagani, wapenzi. Ni watoto wa kanisa hili. Wengine ni watoto wa mashemasi. Na wakubwa waliokuwa wakiketi mbele ya nyumba waliona, wakacheka.

Mezali 26:18-19 inamufananisha mutu anayemuumiza mwenzake kisha anasema "ni muchezo tu" na mwenda wazimu anayetupa moto na mishale. Muchezo kwako, mushale kwake.

3. KUNA KICHEKO KINACHONYOOSHA

Wazee wanaonisikiliza watakumbuka Mufwankolo wa Lubumbashi na kundi lake. Walichezea radio, kisha televizyo, kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Hawakuchekesha kwa kutukana wadogo. Walichukua mambo ya nyumbani na ya mutaa, na mutu akajiona mwenyewe mule ndani. Mwaka 1986 walitengeneza muchezo juu ya chifu na mamlaka yake, na muchezo huo ukaandikiwa hata kitabu na mwalimu wa Ulaya, Johannes Fabian. Mulevi alicheka mulevi wa Mufwankolo, kisha akarudi nyumbani akinyamaza. Kicheko cha namna hiyo ni ndugu ya unabii. Nabii Natani naye alimupa mufalme Daudi hadisi kwanza, na Daudi akajikuta ndani yake.

Filme ya inchi yetu La Vie est belle, ya 1987, ambamo Papa Wemba aliigiza, ina mambo ambayo sitaonyesha watoto. Lakini pale tajiri mukubwa anapokwenda kwa nganga na kubaki kama mutoto mbele yake, inchi yote ilicheka, na ilikuwa vizuri kucheka. Wanaocheka nganga hawamupelekei tena mbuzi.

Na filme ya jamaa ninayoipenda kuliko zote ni ya Marekani, ya mwaka 1990, Home Alone; kwa Kifaransa inaitwa Maman, j'ai raté l'avion. Jamaa kubwa inakwenda Paris na kusahau mutoto wa miaka minane nyumbani. Watoto wanapenda namna anavyowashinda wezi wawili. Wazazi, waambieni kwamba pasi inayoanguka juu ya uso haichekeshi katika nyumba ya kweli. Lakini ninyi wazazi muangalie mambo mengine mawili. La kwanza ni mama: anakubali safari yoyote, hata kupanda motokari ya wapiga muziki, ili amufikie mutoto wake. La pili ni yule muzee jirani ambaye watoto wote wanamuogopa kwa sababu ya uvumi. Mutoto anakutana naye ndani ya kanisa, usiku wa kuamkia Noeli, na kumbe muzee huyo ana kidonda: aligombana na mwana wake. Mutoto anamushauri amupigie mwana wake telefone. Mwisho wa filme tunawaona wanakumbatiana. Ni wazee wangapi hapa Lubudi, waliogombana na wana wao waliokwenda kutafuta kazi kwenye migodi, wanangojea mutu wa kuwaambia neno hilo?

4. TUFANYE NINI?

Katika Marko 5 tunasoma juu ya nyumba ya Yairo. Mutoto amelala mauti, Yesu anasema amelala tu, na watu wanamucheka. Yesu alifanya nini na kicheko kile? Alikitoa inje. Na ndani ya nyumba aliwabakisha nani? Baba na mama wa mutoto, na wanafunzi watatu. Hiyo ndiyo kanuni yetu. Kicheko kibaya kitoke inje. Baba na mama wabaki ndani na mutoto.

Kwa hiyo, mbele ya kila filme, ulizeni maulizo matatu. La kwanza: nani analipa bei ya kicheko hiki? La pili: kama yule tunayemucheka angeketi hapa katikati yetu, tungeendelea kucheka? La tatu: kisha kucheka, tunapendana zaidi au tunadharauliana zaidi?

Na ninyi baba, hili ni lenu. Mutoto anayekwenda usiku kwenye nyumba ya video na franka zake kidogo hatafuti dhambi kwanza. Anatafuta kicheko. Filme ya kwanza inachekesha. Ile inayofuata saa nne ya usiku ninyi munajua ni ya namna gani. Baba anayerudi kutoka mgodi kisha wiki mbili, na neno lake la kwanza ni makelele, amefungulia mutoto wake mulango wa inje. Keti naye. Angalieni pamoja. Cheka.

Na wale ambao watoto wao walitembea nyuma ya yule mwenzao, wiki hii mushike watoto wenu mukono, mwende mumusalimie kwake. Baba aende mwenyewe, asitume mama. Siku ya Yenga tunataka kumuona kwenye ibada ya watoto, katikati ya wenzake. Hagari alilia jangwani, lakini mustari wa 17 unasema Mungu alisikia sauti ya mutoto. Mungu yule bado anasikia. Asisikie sauti ya mutoto akilia kwa sababu ya kicheko cha kanisa.

Tuombe. Bwana Yesu, asante kwa kicheko ulichoweka ndani ya vinywa vyetu. Kisafishe. Utufundishe kucheka pamoja, na tusimucheke yule uliyemufia musalabani. Urudishe baba ndani ya nyumba na furaha ndani ya baba. Kwa jina lako tumeomba. Amina.