Ghala Moja, Milango Mingi: Utunzaji wa Maagizo ya Wateja

(Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Nitasema machache juu ya jambo ambalo sasa linabisha hodi katika ofisi zetu. Kwa miaka mingi kazi kubwa ya chama cha msingi ilikuwa kupokea mazao ya wanachama, kuyapima, kuyaandika na kuyafikisha kwenye chama kikuu. Mnunuzi alikuwa mmoja na hesabu ilikuwa moja. Siku hizi viko vyama vinavyofunga bidhaa zao wenyewe: asali katika chupa, kahawa iliyokaangwa katika mifuko, korosho zilizobanguliwa katika pakiti. Bidhaa hizo huuzwa dukani kwa chama, kwa simu, kwa WhatsApp, kwa Instagram, katika tovuti ya chama, na katika masoko makubwa ya intaneti yanayomilikiwa na watu wengine.

Hili ni jambo la heri, maana mkulima anapata mnunuzi asiyemwona. Lakini kila mlango unaofunguliwa ni mahali pengine pa kutolea ahadi, na ahadi ni deni. Ndiyo sababu leo sitazungumzia namna ya kutangaza bidhaa. Nitazungumzia kazi inayoanza pale mteja anaposema, "Nataka."

Natuchukue mfano. Chama kina chupa 120 za asali ghalani. Kina milango mitatu: duka, WhatsApp na tovuti. Ikiwa kila mlango unatangaza kwamba zipo chupa 120, chama kimekwisha kuahidi chupa 360 ilhali kina 120 tu. Siku ya kawaida kosa hilo halionekani. Litaonekana mkesha wa sikukuu, wateja wanapokuja wote kwa pamoja. Hapo chupa moja itakuwa imeuzwa mara mbili, na fedha za mtu zitakuwa zimepokelewa bila mali.

Dawa yake ni kuwa na hesabu moja tu ya mali, na milango yote ichote humo. Tena hesabu hiyo isiwe ya chupa zilizopo tu, bali ya chupa zinazoweza kuuzwa. Kati ya zile 120, tuseme 35 zimekwisha agizwa ila hazijaondoka, na 10 tumeziweka kando kwa tahadhari ya kuvunjika au makosa ya kuhesabu. Zinazobaki za kuuzwa ni 75. Hiyo ndiyo namba ambayo mwuza duka, mjibu simu na tovuti wote hawana budi kuifuata. Agizo likipokelewa, chupa zake zitengwe saa ile ile. Likivunjwa, zirudishwe katika hesabu saa ile ile.

Chama chenye maagizo mengi kitahitaji programu ya kompyuta inayoiunganisha milango yote na kupunguza hesabu yenyewe. Chama chenye maagizo matano kwa siku chaweza kuanza na daftari moja lililopigwa mistari vizuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta haikuitangua methali hiyo. Imelifanya daftari liende mbio zaidi. Asiyeweza kutunza leja ya karatasi hataokolewa na programu.

Ndugu Makatibu, kila agizo lipewe namba yake, hata likitoka mlango gani. Katika mstari wake iandikwe tarehe, mlango lilikotoka, bidhaa na idadi, malipo, na hatua lilipofikia: limepokelewa, limelipiwa, limetengwa, limefungwa, limesafirishwa, limefika. Mteja akipiga simu kuuliza, yeyote aliyepo ofisini aweze kumjibu bila kumtafuta katibu. Jibu la "ngoja aliyeshika simu arudi" limewafukuza wateja wengi.

Juu ya malipo nawasihi mwe waangalifu. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, kulipa kwa simu kumekuwa jambo la kila siku. Lakini picha ya ujumbe wa malipo si malipo, kwani ujumbe waweza kughushiwa. Mali isiondoke mpaka fedha zimeonekana katika akaunti ya chama yenyewe. Na akaunti hiyo iwe ya chama, wala si ya simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu namna gani.

Ghalani, anayetoa mali asiwe ndiye pekee anayeihakiki. Mmoja atoe kwa kufuata karatasi ya agizo. Mwingine alinganishe kabla kifurushi hakijafungwa. Bidhaa iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, hasa vyakula vyenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Kila kifurushi kiondoke na hati yake, na aliyekipokea kukisafirisha atie sahihi, awe ni basi au mwenye pikipiki. Pasipo sahihi hiyo, kifurushi kikipotea njiani, hasara huwa haina mwenyewe. Na hasara isiyo na mwenyewe hubebwa na mwanachama siku ya malipo yake.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu. Tufanye hesabu, ingawa ni ya mfano tu. Chupa inauzwa shilingi 15,000. Soko la intaneti linachukua kamisheni ya 1,500. Kufungasha ni 800. Mwanachama analipwa 9,000. Chama kinabakiwa na 3,700, mradi nauli imelipwa na mteja. Sasa mteja aliyeahidi kulipa mali ikifika anaikataa mlangoni. Nauli ya kwenda ni 3,000, ya kurudi 3,000, na kufungasha 800: jumla 6,800. Faida ya chupa mbili zilizouzwa vyema karibu yote imemezwa na chupa moja iliyorudi. Chama kisichoyaandika marejesho kitadhani kinapata faida, kumbe kinakula jasho la wanachama.

Kwa hiyo kila rejesho liandikwe pamoja na sababu yake. Ikiwa ni bidhaa isiyo yenyewe, kosa ni letu ghalani. Ikiwa imevunjika, tutazame ufungaji. Ikiwa mteja alibadili nia, tufikirie kutaka malipo kwanza. Wala bidhaa iliyorudi isiingizwe katika hesabu ya kuuzwa kabla haijakaguliwa.

Jambo jingine ni kutotegemea mlango mmoja wa kukodi. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Nchini Kenya, Copia, iliyokuwa ikipokea maagizo kwa mawakala wa vijijini, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwezi Mei 2024 iliposhindwa kupata mtaji mpya. Sisemi tuyakimbie masoko hayo, maana yana wateja wengi. Nasema kwamba orodha ya maagizo na hesabu ya mali vikae mikononi mwa chama, ili mlango mmoja ukifungwa nyumba isianguke.

Lakini orodha hiyo ina majina, namba za simu na mahali watu wanapoishi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Daftari hilo lisiachwe mezani, wala namba za wateja zisigawiwe kwa wengine.

Ndugu Wajumbe, mwaka 1844 watu 28 wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao la ushirika wakiwa na bidhaa chache sana. Sifa waliyoipata ni ya mali safi na kipimo cha haki. Mteja wa leo hatuoni tukipima. Anachokiona ni kama kile alichoagiza ndicho kilichofika, na kama kimefika siku aliyoahidiwa. Hicho ndicho kipimo chetu cha haki.

Naomba basi kila chama, kabla hakijafungua mlango mpya wa mauzo, kiulize katika mkutano wake mambo matatu. Nani anaitunza hesabu moja ya mali? Nani anahakiki kifurushi? Nani anaandika marejesho na kuyasoma mbele ya kamati kila mwezi? Yakipatikana majina matatu, mlango na ufunguliwe. Yasipopatikana, heri tuuze kwa mlango mmoja na kulala usingizi.