Kazi ya Sanaa na Mahali Pake: Hoja Kutoka Florence



Mgeni anayekwenda Florence kwa ajili ya sanaa aghalabu huanzia jumba la Uffizi. Akitoka hapo hupanga foleni Accademia ili amwone Daudi wa Michelangelo, na jioni hujiona amekwisha kuujua mji. Nataka kudai leo kwamba mgeni huyo ameanzia mwisho. Kazi nyingi zilizomo katika majumba hayo hazikutengenezwa ili zitazamwe tu. Zilikuwa na shughuli ya kufanya, mahali maalumu, kwa kimo maalumu, mbele ya watu waliokuwa na haja fulani. Makumbusho hutuonyesha ufundi wake vizuri sana, pengine kuliko mahali pengine popote, ila sababu ya ufundi huo kuwapo hubaki kule kazi ilikotoka. Anayeona ufundi asijue sababu amepata nusu ya habari, na ni ile nusu nyepesi.

Ushahidi wangu wa kwanza ni nyumba ya watawa wa Kidominiko ya San Marco, ambayo Michelozzo aliijenga upya kwa fedha za Cosimo de' Medici, na ambayo Fra Angelico na wasaidizi wake waliipamba mwanzoni mwa miaka ya 1440. Imekuwa makumbusho tangu 1869, lakini picha zake za ukutani zimebaki pale pale zilipochorwa. Ukipanda ngazi kwenda ghorofa ya vyumba vya kulala, Malaika Gabrieli na Mariamu wanakutokea juu ya ngazi, mbele yako kabisa, na chini ya picha kuna maandishi yanayomkumbusha apitaye asisahau kumsalimu Bikira. Mchoraji alijua kwamba mtazamaji wake ni mtu anayepita, tena anayepita kila siku, amechoka, akielekea kulala. Ndani ya vyumba mambo hupungua zaidi: dirisha moja dogo, ukuta mweupe, picha moja. Katika chumba cha saba Kristo ameketi akiwa amefungwa kitambaa machoni, na wanaomdhihaki hawaonekani isipokuwa mikono isiyo na miili iliyoning'inia hewani, pamoja na kichwa kimoja kinachomtemea mate. Chini yake Mtakatifu Dominiko amekaa anasoma kitabu, wala hainui macho kutazama. Ipeleke picha hiyo kwenye ukumbi wa jumba la sanaa na mikono ile itakuwa jambo la ajabu, hata la kuchekesha. Pale chumbani inaeleweka mara moja. Aliyelala humo alikuwa Mdominiko, kazi yake ilikuwa kusoma na kutafakari, na ukutani alionyeshwa namna ya kuifanya: tukio zima halihitajiki, vinatosha vipande vya kumpa mahali pa kuanzia.

Masaccio anatupa ushahidi wa aina nyingine. Katika kikanisa cha Brancacci, ndani ya Santa Maria del Carmine, alichora mwanga unaowapiga mitume kana kwamba unatoka katika dirisha halisi lililo juu ya altare. Kivuli cha picha na kivuli cha mtazamaji vinaangukia upande mmoja. Kazi yake nyingine, Utatu Mtakatifu, iliyochorwa yapata mwaka 1427 katika kanisa la Santa Maria Novella, ilifunikwa karibu na 1570 kwa altare mpya iliyosanifiwa na Giorgio Vasari. Ilifichuka 1860, na sehemu ya juu ikabanduliwa ukutani na kupelekwa upande wa lango la kanisa. Kilichosahaulika ni kwamba chini yake, nyuma ya altare, kulikuwa na kaburi lililochorwa pamoja na mifupa ya mtu. Ilipofika 1952 ndipo sehemu hizo mbili zilipokutanishwa tena mahali pake. Kwa takriban miaka tisini, basi, watu waliitazama picha inayohusu kifo na wokovu ikiwa haina kifo ndani yake, wakasifu hesabu za mistari yake. Na walikuwa na haki ya kuzisifu. Lakini hata mistari hiyo inakutana karibu na usawa wa macho ya mtu aliyesimama sakafuni, palepale kikanisa cha kuchorwa kinapoishia na kaburi linapoanzia.

Kuhusu Daudi mwenyewe, historia yake inaudhi kidogo, kwa sababu inaonekana kunipinga. Wasimamizi wa ujenzi wa kanisa kuu la mji walimwagiza Michelangelo mwaka 1501 ili sanamu iwekwe juu ya kanisa hilo. Mapema 1504 iliitwa kamati ya mafundi na wasanii, Leonardo da Vinci na Botticelli wakiwamo, ijadili itakaa wapi, na mwishowe ikasimamishwa mbele ya jumba la serikali. Kama kazi ilibadilishiwa mahali kabla hata haijasimama, mtu atauliza, ni mahali gani tunapopaita pake? Najibu kwamba mjadala ule wa 1504 ndio hoja yangu hasa. Wenyewe walijua kuwa maana ingebadilika kufuata mahali. Florence ilikuwa jamhuri, ukoo wa Medici ulikuwa umefukuzwa 1494, na kijana aliyemuua jitu akiwekwa mlangoni pa serikali si mtu wa Biblia tu tena, ni onyo. Mwaka 1873 alihamishiwa Accademia, na leo anasimama chini ya kuba la kioo, mita 5 na zaidi za marumaru safi, akizungukwa na watu wanaostaajabia mishipa ya mkono wake. Nakala iliyowekwa uwanjani 1910 ni duni kwa ufundi, lakini nathubutu kusema kwamba ina jambo moja ambalo sanamu ya asili imenyang'anywa: bado iko mlangoni pa serikali.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la usalama. Mvua ilikuwa inamla Daudi, na mafuriko ya tarehe 4 Novemba 1966 yaling'oa vipande vya milango ya shaba ya Ghiberti iliyokuwa ingali kwenye jengo la ubatizo. Anayesema kwamba bila makumbusho tungekuwa tunazungumzia mabaki anasema kweli, na sidai kitu chochote kirudishwe mvuani. Nataka tu tusiitie chumvi kweli hiyo. Msalaba wa Cimabue, uliopoteza sehemu kubwa ya rangi yake katika mafuriko yaleyale, haukuwa juu ya altare. Ulikuwa katika makumbusho ya Santa Croce, ukumbi uliokuwa zamani wa watawa kulia chakula. Na usiku wa tarehe 27 Mei 1993 bomu la mafia lililipuka kando ya Uffizi, likaua watu watano na kuharibu picha. Kuhamisha kitu kunakiondoa katika hatari fulani na kukiingiza katika nyingine. Ni uamuzi wa daktari, na daktari mwadilifu humwambia mgonjwa kilichokatwa.

Wengine watasema kwamba jumba la sanaa hutuwezesha kulinganisha. Katika chumba kimoja cha Uffizi wamewekwa Mariamu watatu wenye enzi: wa Cimabue kutoka Santa Trinita, wa Duccio kutoka Santa Maria Novella na wa Giotto kutoka Ognissanti. Hakuna kitabu kinachoweza kueleza alichokifanya Giotto kama hatua chache za miguu zinavyoeleza mle chumbani: magoti yake yana uzito, kiti chake kinakalika. Hili nalikubali kwa moyo wote. Walakini kule kulinganisha kunatufanya tuwaone kama wanafunzi watatu waliofanya mtihani mmoja, ilhali maswali yao hayakuwa sawa. Picha ya Duccio iliagizwa 1285 na chama cha waumini walei waliokuwa wakikusanyika kumwimbia Mariamu nyimbo za sifa. Ina kimo cha mita 4 na nusu kwa sababu ilipaswa kuwatawala waimbaji kanisani.

Liko pia pingamizi la umma, kwamba vikanisa vilikuwa mali ya koo tajiri, na kwamba ni Uffizi iliyofunguliwa kwa watu mwaka 1769 chini ya Pietro Leopoldo. Nusu ya hoja hii inasahau barabara. Mtakatifu George wa Donatello, aliyelipiwa na chama cha wafua deraya na panga, alisimama nje ya kanisa la Orsanmichele, njiani, bila mlango wala tiketi. Kila mchukuzi wa mji alimjua. Leo wa asili yuko katika makumbusho ya Bargello na hutazamwa kwa kiingilio. Ni kweli pia kwamba baadhi ya makanisa makubwa ya Florence siku hizi yanatoza wageni, kwa hiyo sitajifanya kwamba upande wangu hauna doa.

Tena, Florence ina kitu cha kutazama kwa sababu ya sheria ihusuyo mahali. Ukoo wa Medici ulipokaribia kukatika, Anna Maria Luisa, wa mwisho wao, alifunga mapatano mwaka 1737 na watawala wapya wa nasaba ya Lorraine kwamba hazina ya sanaa ya ukoo isitolewe mjini, ibaki kwa pambo la dola, kwa manufaa ya umma na kwa kuwavuta wageni. Bila mapatano hayo mikusanyo ile ingeweza kwenda Vienna kama mali nyingine yoyote ya kurithi. Sisi wa pwani ya Kenya tunalielewa jambo hili bila mkalimani. Vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za ukumbusho zilizochongwa kwa mti, vilivyosimamishwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu, viling'olewa na kuuzwa ng'ambo vikaitwa sanaa. Baadhi vimerejeshwa Kenya kutoka makumbusho ya Marekani. Hali hizi mbili si sawa, maana Daudi alihamishwa mitaa michache na watu wake wenyewe, na vigango viliibwa. Kinachofanana ni ukimya wa kibao cha maelezo kinachotaja mti, kimo na kabila, kisitaje marehemu.

Kwa hiyo atakayejaliwa kufika Florence aanze San Marco, aende Carmine, apite Orsanmichele akitazama juu, na Uffizi aiweke siku ya mwisho. Na ninyi wanafunzi mtakaokabidhiwa makumbusho yetu, nawaomba kila kibao mtakachoandika kianze kwa kusema kitu kilitoka wapi, kilikuwa kikifanya kazi gani na ni nani aliyekiondoa, ndipo lifuate jina la fundi.