Miezi Mitano Nyumbani kwa Binti Yangu, Chiang Mai

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya Mkutano wa Ukoo)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya safari yangu ya Thailand. Najua wako waliotazamia habari za mahekalu na tembo. Tembo nilimwona mmoja tu, naye alikuwa juu ya lori. Mimi sikwenda kutembea. Nilikwenda kukaa, tangu mwisho wa Novemba 2023 hadi mwisho wa Aprili 2024, katika nyumba ya mbao ambamo binti yangu anaishi na mumewe, mtoto wao, na wazazi wa mumewe.

Mkwe wangu ni Mwislamu wa asili ya Yunnan, nchi ya kusini mwa China. Wazee wao walifika kaskazini ya Thailand na misafara ya nyumbu ya biashara, na wenyeji huwaita Ho. Msikiti wao wa Ban Ho uko katikati ya mji, na kila Ijumaa asubuhi karibu nao huwa na soko, ambako watu wa milimani huleta mboga, chai na vitu vya kukausha nisivyovijua hata majina. Hapo ndipo nilipokula khao soi, tambi za mchuzi wa bizari na tui la nazi. Kijiko cha kwanza tu kilinirudisha Unguja.

Siku zetu zilikuwa na utaratibu wake. Nikitoka sala ya alfajiri niliwakuta watawa wa Kibudha wakipita pekupeku na mabakuli yao, na akina mama wamepiga magoti mbele ya milango wakiwapa chakula. Saa mbili kamili asubuhi wimbo wa taifa ulisikika kutoka shuleni, na aliyekuwa akitembea husimama. Stakabadhi ya duka la dawa niliyoipokea mwezi Januari iliandikwa mwaka 2567. Nilidhani karani amekosea, hata nikaelezwa kwamba wao huongeza miaka 543 juu ya hesabu yetu. Mgeni anapofika, mwenye nyumba hupaswa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya saa 24, na mgeni mwenyewe akizidisha siku 90 huenda kuripoti anakokaa. Wengine hulalamika. Mimi niliyekula mshahara wa serikali, kwanza Unguja na kisha Uingereza, hadi kustaafu kwangu, niliona foleni ile ni ya watu waliojua kazi yao.

Lakini ndani ya nyumba sikuwa na cheo. Nilikuwa mzee asiyejua kusema hata "nipe chumvi". Mkalimani wangu alikuwa mjukuu wangu, wa miaka saba, asemaye Kithai na Kiingereza. Kiswahili hakujua ila neno "babu", nalo alifundishwa kwa simu. Akaniarifu kwamba nimekosea hata hapo: kwao babu mzaa baba ni "pu", na babu mzaa mama ni "ta". Basi nikawa Ta kwa nyumba nzima.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wengi wenu mnalijua na kwa adabu hamkulitaja. Binti yangu alipoolewa mwaka 2014, sikuhudhuria. Nilisema ni mbali, na watu wenyewe hatuwajui. Marehemu mama yao alikwenda peke yake, akarudi na picha, sikuzitazama. Mke wangu alifariki mwaka 2021, na picha zile nikazikuta katika kabati lake, zimefungwa vizuri kwa kitambaa.

Mwezi Machi, kaskazini ya Thailand hufunikwa na moshi wa moto wa misitu na wa mashamba yanayochomwa. Mlima Doi Suthep, ulio juu ya mji, ulitoweka machoni kwa siku nyingi. Ramadhani ya mwaka ule iliingia tarehe 12 Machi, tukafunga madirisha na kukaa ndani na mashine ya kusafisha hewa. Nikatamani muhogo wa nazi. Muhogo ulipatikana, na tui la boksi lilikuwamo jikoni, lakini mimi nikashika kwamba nazi hukunwa. Binti yangu akamweleza mama mkwe wake. Yule bibi akaenda uvunguni, akatoka na kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno.

"Mbuzi!" nikasema.

Mjukuu akacheka hadi akakaa chini. Kumbe wao kifaa hicho hukiita "kratai", yaani sungura.

Nikakaa juu ya sungura yule nikakuna. Binti yangu alikuwa akimenya muhogo, hana neno. Nikamwambia, bila maandalizi yoyote, kwamba nilimkosea siku ya harusi yake na kwamba namwomba aniwie radhi. Sauti ilinikwama. Bibi yule hakufahamu maneno, lakini aliichukua ile nazi mkononi mwangu, akanionyesha kwa ishara niinuke, akaendelea kukuna yeye.

Binti yangu akasema: "Mama aliniambia utakuja. Alisema, 'Msubiri baba yako. Huyo barua yake ya kwanza hukataa, ya pili hukubali.'" Kisha akaniuliza kama tui la kwanza litiwe sasa au mwisho.

Tulisali Idi tarehe 10 Aprili. Siku tatu baadaye ukaingia mwaka mpya wao, Songkran, na vijana wakamwagiana maji barabarani. Watoto wa jirani walikuja na bakuli la maji ya maua, wakanimwagia mikononi kama wafanyavyo kwa wazee wao, wakiomba wasamehewe makosa ya mwaka. Mjukuu alinitafsiria. Nilishindwa kuwajibu kwa lugha yoyote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, shajara ya ukoo iliyochapwa katika kitabu cha mwaka 2017 niliiandika mimi. Mbele ya jina la binti yangu niliacha nafasi tupu, na aliyeuliza nilimjibu kwamba taarifa hazijakamilika. Zilikuwa zimekamilika. Leo nimemkabidhi Katibu karatasi yenye jina la mkwe wangu, la baba yake, la mama yake na la mjukuu wangu. Majina ni marefu. Nimeyasahihisha mara tatu pamoja na wenyewe, nami namwomba mpiga chapa asiyafupishe.

Wassalaam.