Hesabu Isiyoandikwa Majumbani Mwetu



Viongozi wa jumuiya ndogondogo hutuuliza: je, watoto wanaonajisiwa na ndugu zao hapa Mbulu na Hanang ni wengi kiasi gani? Wengine hujibu upesi kwamba ni wachache, kwa kuwa kesi ni chache. Jibu hilo latupotosha. Kesi huhesabu waliosema, haziwahesabu walionyamaza. Na mtoto aliyetendewa uovu na baba au mjomba amwambie nani, iwapo mlinzi wake ndiye mwizi wake?

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya uchunguzi wa nchi nzima, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa kwa faragha juu ya utoto wao. Wasichana karibu 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao walisema ulitokea ndani ya nyumba ya mtu. Takriban nusu yao, na wavulana 7 kati ya 10, hawakumwambia mtu yeyote.

Tuzisome takwimu hizo kwa uangalifu. Zinawajumlisha majirani na wageni, si ndugu pekee. Tena ni za taifa, wala hazigeuki kuwa idadi ya Dongobesh au Katesh kwa kuzidisha tu. Lakini zatufundisha jambo moja: ukimya si ushahidi wa usalama. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Basi tusipite nyumba kwa nyumba tukiwahoji watoto, tutawaponza. Tuwe watu ambao mtoto anaweza kuwaambia. Akisema, tumsadiki, tumfikishe hospitali kabla ya saa 72 kupita, na tutoe taarifa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii. Simu 116 haina malipo.

Wazee wa ukoo tunawaheshimu. Hata hivyo, kujamiiana kwa maharimu ni jinai. Hakumalizwi kwa faini ya ng'ombe wala kwa kuombana radhi. Heshima ya ukoo inayonunuliwa kwa machozi ya mtoto si heshima.

Mungu atujalie masikio ya kusikia.